Boti Kuukuu ya Injini Mbili Ziwa Tanganyika: Inunuliwe, Iachwe au Ibadilishwe Injini?

Kwa vizazi kadhaa watu wa mwambao wa Mkoa wa Rukwa walipanga safari zao kwa kufuata ratiba ya MV Liemba. Meli hiyo ikitoka Kigoma ilishuka kusini ikipitia Kabwe, Kirando, Kipili na Kasanga hadi Mpulungu nchini Zambia. Iliposimama kusubiri ukarabati, iliacha pengo kubwa. Wakati huohuo barabara ya Sumbawanga, Matai hadi Kasanga imewekwa lami, na bandari za Kasanga na Kabwe zimeboreshwa. Mahindi ya uwanda wa Ufipa na saruji ya Mbeya sasa vinafika ukingoni mwa ziwa bila shida kubwa. Shida inaanzia majini.

Ndiyo maana watu wenye mtaji wa kati, wakiwamo wafanyabiashara wa nafaka, wenye nyumba za wageni za mwambao na vikundi vya wavuvi, wanazitupia jicho boti kuukuu za faiba. Ni boti za mita 9 hadi 14, nyingi zikiwa zimeundwa kati ya miaka ya 1970 na 1990 kwa ajili ya starehe au uvuvi wa kitalii, zenye injini mbili za dizeli zilizofungwa ndani. Muuzaji anamwambia mteja kuwa kwa injini mbili hatakwama kamwe. Fundi wa magari anasema injini mbili ni gharama mara mbili. Nahodha mzoefu anashauri mteja aachane na injini za ndani kabisa, afunge Yamaha mbili nyuma. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na mnunuzi anabaki njia panda akiwa na fedha mkononi.

Hoja ninayoitetea hapa ni moja. Injini ya pili ni kinga pale tu isipotegemea kitu chochote ambacho injini ya kwanza inakitegemea. Boti nyingi kuukuu hazitimizi sharti hilo zinapouzwa, ila nyingi zinaweza kurekebishwa zikalitimiza. Uamuzi wa kununua au kuacha uanzie hapo, kabla ya kuuliza bei.

Ziwa lisilosamehe injini iliyozimika

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670 na kina kinachofikia mita 1,470, na duniani ni Baikal tu lenye kina kirefu zaidi. Upande wa Ufipa, ukuta wa bonde la ufa unashuka hadi majini na mara nyingi unaendelea kushuka chini ya maji vilevile. Boti iliyozimika hata karibu na nchi kavu inaweza kukosa mahali pa kutia nanga, kwa kuwa kamba haifiki chini. Kinachobaki ni kuelea na kusubiri upepo uamue.

Upepo nao una msimu wake. Wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, upepo kutoka kusini mashariki unavuma kwa nguvu juu ya ziwa na kuinua mawimbi mafupi yenye kasi. Kutoka Kasanga hadi Kipili ni zaidi ya kilomita 100. Kwa boti inayokwenda noti 12 ni karibu saa 6, na sehemu kubwa ya njia hiyo haina bandari wala fundi. Kwa hiyo hofu ya kubaki na injini moja ina msingi, na anayeidharau hajawahi kutazama ramani ya mwambao huo.

Ziwa Rukwa, lililo upande wa pili wa uwanda, ni habari nyingine kabisa. Kina chake ni kifupi, maji yake yana magadi, na ukingo wake husogea mwaka hadi mwaka. Boti nzito yenye shafti na propela chini ya tumbo haifai kule. Anayetaka chombo kimoja cha maziwa yote mawili ajue mapema kwamba hakipo.

Somo la Liemba

Ziwa hili lina historia ndefu ya vyombo vya propela mbili. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walileta Mimi na Toutou, boti mbili za mbao za futi 40, kila moja ikiwa na injini mbili za petroli. Zilisafirishwa kwa reli kutoka Cape Town hadi Katanga, zikavutwa kwa mashine za mvuke na maksai kupita milima ya Mitumba, kisha zikapitishwa Mto Lualaba na kupakiwa tena kwenye reli hadi Ziwa Tanganyika, karibu na mahali palipo Kalemie leo. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata Kingani, meli ndogo ya Wajerumani.

Liemba yenyewe iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikaletwa hadi Kigoma na kuungwa upya, ikateremshwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kabla ya hapo mafundi wao walizipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa, na Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Injini za mvuke zilibadilishwa kuwa za dizeli katika miaka ya 1970, na mwaka 1993 ikafanyiwa ukarabati mwingine mkubwa kwa msaada wa Denmark.

Wapenda boti kuukuu huutumia mfano huu kama ushahidi kwamba umri si kitu. Ni ushahidi wa kweli, ila wa nusu. Unaonyesha kwamba bodi iliyotunzwa katika maji baridi huishi kuliko injini, na kwamba injini ni kitu cha kubadilishwa. Lakini kila mara Liemba ilipofufuliwa, nyuma yake ilikuwapo serikali au mfadhili mwenye uwezo wa kuisimamisha miaka bila kufilisika. Mfanyabiashara wa Sumbawanga aliyekopa benki hana pumzi hiyo. Kwake, miezi sita ya boti kukaa juu ya magogo ni marejesho sita yasiyo na mapato.

Wanaotetea injini mbili za ndani

Hoja yao ya kwanza ni usalama, na nimeshaeleza kwa nini ina uzito. Ya pili inasahaulika: injini mbili zinazofanana ni kipimo cha kila moja kwa mwenzake. Fundi asiye na mashine ya kupimia anaweza kuhamisha nozeli kutoka injini ya kushoto kwenda ya kulia na kutazama kama tatizo limehama nayo. Likihama, nozeli ndiyo mbovu. Lisipohama, atafute kwingine. Njia hiyo inafaa pia kwa geji ya joto, stata, alteneta na vali ya kuzuia joto. Penye upungufu wa vifaa vya uchunguzi, hiyo ni faida kubwa.

Hoja ya tatu inahusu sapea, na hapa Ufipa ina bahati yake. Dizeli nyingi za boti za zamani zilianza maisha kama injini za magari na mashine za shamba, zikaongezewa vifaa vya majini. Perkins, ambayo wakulima wa uwanda wanaifahamu kupitia matrekta ya Massey Ferguson, ipo katika boti nyingi. Lehman za miaka hiyo zilijengwa juu ya dizeli za Ford. Pistoni, ringi, beringi, gasketi na nozeli za injini za namna hii zinaweza kutafutwa kwa wauza sapea za kawaida Mbeya au Dar es Salaam, na fundi wa matrekta au Fuso anaweza kuzifungua bila woga.

Ila sehemu zinazoifanya injini kuwa ya majini hazimo katika maduka hayo: pampu ya maji ya ziwa na impela yake ya mpira, kipozeo kinachotenganisha maji ya ziwa na kulanti, koo la ekzosi linalopozwa kwa maji, pamoja na giaboksi. Sehemu hizi ndizo zinazokufa mapema, na zinaagizwa kutoka nje ya nchi. Kwa hiyo anayesema sapea zipo anasema kweli kuhusu moyo wa injini, lakini hajagusa viungo vinavyoilisha na kuipoza.

Wanaopinga

Upande wa pili unaanza na mafuta. Dizeli inayofanya kazi kwa asilimia 70 ya nguvu za farasi 200 hula karibu lita 27 kwa saa. Mbili ni zaidi ya lita 50. Safari ya saa 6 ni lita 300 na zaidi kwenda tu, na bei elekezi za EWURA huonyesha kila mwezi kwamba lita ya Sumbawanga ni ghali kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu ya masafa. Kupunguza mwendo hadi noti 7 hushusha matumizi sana, lakini Kasanga hadi Kipili inakuwa safari ya saa 10. Kwa mwendo huo injini moja ingetosha, na mnunuzi atakuwa anatunza mbili bila sababu.

Wanaongeza kuwa oveholi ya injini moja mara nyingi huvuta ya pili, kwa kuwa zimezeeka pamoja. Nafasi katika chumba cha injini ni finyu. Injini zikiwa bega kwa bega, upande wa nje wa kila moja haufikiki, na kisichofikika hakikaguliwi. Ukimulika tochi ndani ya boti kuukuu utaona mara nyingi upande wa ndani wa injini ni safi, umepakwa rangi, na upande wa nje una kutu, klempu zilizooza na mpira uliopasuka. Nakubaliana nao hapa bila shaka yoyote: uharibifu wa boti za namna hii umejificha pale ambapo mkono haufiki.

Hoja yao kali kuliko zote ni kwamba injini mbili hufa pamoja. Boti nyingi zina tangi moja, au matangi mawili yaliyounganishwa kwa bomba. Zina betri za kuwashia zinazotegemeana, na mara nyingine filta moja inayolisha pande zote mbili. Dizeli ya mwambao hufika kwa madumu na mapipa, ikiwa na maji na uchafu. Bandarini uchafu umelala chini ya tangi, na injini zinanguruma vizuri. Boti ikifika katikati ya mawimbi, tangi linatikisika, matope yanapanda, na filta zinaziba ndani ya dakika chache. Injini zote mbili zinazimika, tena katika hali ya hewa ambayo mwenye boti alinunua injini ya pili kwa ajili yake.

Wanaotetea hujibu kwamba hilo ni kosa la mfumo wa mafuta, na si la idadi ya injini. Ni jibu sahihi, lakini linawaangukia wenyewe: basi waache kuuza idadi, wauze mfumo.

Njia ya injini za nje

Boti nyepesi ya faiba au ya mbao yenye injini mbili za petroli za farasi 40 nyuma ina faida ambazo dizeli haziwezi kuzifikia. Injini inatolewa kwa mikono, inapakiwa kwenye gari, na kesho yake iko mezani kwa fundi mjini. Injini za Yamaha za namna hiyo zimeenea katika maziwa yote makuu, na mafundi wake wapo hata katika mialo midogo. Kila injini inaweza kuwa na tangi lake la plastiki na mpira wake, kwa hiyo utengano unapatikana bila gharama. Injini moja ikilala, biashara haisimami.

Udhaifu wake ni ulaji. Injini ya petroli ya mipigo miwili hutumia mafuta mengi kwa kazi ileile, na petroli ndani ya boti ni hatari ya moto kuliko dizeli. Haivuti mzigo mzito vizuri, na inaibika kirahisi. Kwa abiria wachache, samaki na mizigo myepesi ya haraka, ndiyo njia bora. Kwa tani kadhaa za mahindi kwenda Moba, ng'ambo ya ziwa nchini Kongo, hapana.

Kasoro zinazosomwa vibaya

Fedha nyingi katika boti kuukuu hupotea kwa kutibu ugonjwa ambao haupo, na mwinuko wa ziwa ndio unaowapotosha wengi. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 9 kulinganisha na pwani. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Boti iliyotoka Dar es Salaam au Zanzibar ina propela zilizopangwa kwa nguvu ya pwani. Ikiletwa Kasanga, injini zinalemewa: hazifikii mzunguko wake wa juu, zinatoa moshi mweusi, na joto linapanda. Fundi akiona moshi mweusi anatamka pistoni na ringi, na injini inafunguliwa. Baada ya oveholi moshi unarudi, maana kilichohitajika kilikuwa propela kupunguzwa mwinamo wa mapanga yake ili injini ipumue.

Dalili ya kutofautisha ni rahisi. Moshi mweusi unaotoka boti ikikimbia kwa nguvu na kukoma ikipunguzwa mwendo, kwa injini zote mbili kwa usawa, huelekeza kwenye mzigo: propela, uchafu uliogandamana chini ya bodi, au boti kujazwa kupita kiasi. Moshi mweusi wa injini moja tu huelekeza kwenye injini hiyo, kuanzia filta ya hewa, nozeli hadi tabo. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Mweupe unaonuka dizeli, hasa asubuhi, ni mafuta yasiyoungua, yaani mgandamizo hafifu au nozeli mbovu. Mweupe wa mvuke usioisha baada ya injini kupata moto unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda, na hapo injini izimwe mara moja.

Joto nalo husomwa vibaya. Kwa mwinuko wa ziwa maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na Sumbawanga mjini, kwenye zaidi ya mita 1,700, huchemka kwenye nyuzi 94. Kifuniko cha kipozeo kilichochoka, ambacho hakishiki tena shinikizo, kinatosha kuifanya injini nzima ionekane inachemsha. Kabla ya kufungua silinda hedi, fundi abadilishe kifuniko, akague impela, na atafute vipande vya impela ya zamani vilivyokwama ndani ya bomba. Vipande hivyo hubaki humo miaka, vikiziba maji nusu.

Ipo pia kasoro ya boti isiyoshika mstari. Propela za injini mbili kwa kawaida huzunguka kinyume, moja kulia na nyingine kushoto, ili misukumo ya pembeni ifutane. Mmiliki wa zamani akibadilisha giaboksi au propela moja kwa kilichopatikana sokoni, zote mbili huenda zikazunguka upande mmoja. Boti inavuta pembeni, nahodha analaumu usukani, na fundi anafungua usukani bure.

Injini moja ikizimika safarini, jambo la giaboksi ni la haraka. Boti ikivutwa na injini nzima, propela ya injini iliyokufa huzungushwa na maji, na shafti inazunguka ndani ya giaboksi. Baadhi ya giaboksi hulainishwa na pampu inayoendeshwa na injini. Injini ikizima, pampu imelala, na giaboksi inaungua kimyakimya hadi bandarini. Mnunuzi aulize aina ya giaboksi yake, na ikiwa ni ya namna hiyo, awe na kamba au kabari ya kuifunga shafti.

Siku ya ukaguzi

Boti ikaguliwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyewasha injini kabla mnunuzi hajafika ameficha habari muhimu kuliko zote, kwa hiyo mkono uwekwe juu ya injini kwanza. Ikiwa na joto, ukaguzi uahirishwe hadi kesho. Kijiti cha oili kitolewe: oili yenye rangi ya maziwa ina maji. Chini ya tangi la mafuta ichotwe nusu lita ndani ya chupa ya kioo na iachwe itulie, maana maji yatajitenga chini na uchafu utaonekana.

Safari ya majaribio iwe ya saa 2 angalau, na sehemu yake iwe kwa injini moja moja. Zima ya kushoto, endesha kwa ya kulia, geuza boti pande zote mbili na dhidi ya upepo. Kisha fanya kinyume chake. Baada ya hapo funga mafuta ya tangi moja na uone kama injini ya upande wa pili inatikisika. Ikitikisika, boti ina mfumo mmoja wenye injini mbili.

Bodi igongwe kwa mpini wa bisibisi, kuanzia mkuku hadi sitaha. Faiba nzima hutoa mlio mkavu, na iliyoachana au kulowa hutoa mlio mzito uliokufa. Mkazo uwe kwenye mihimili inayobeba injini, ambayo katika boti nyingi za miaka hiyo ni mbao zilizofunikwa kwa faiba. Mbao ikioza ndani, injini inashuka milimita chache, shafti inapinda mstari, beringi zinakufa, na maji yanaingia kwenye ngama kupitia tundu la shafti. Kazi hiyo huanza kwa kuzing'oa injini zote mbili, na mara nyingi gharama yake hupita thamani ya boti. Ukiikuta, ondoka.

Boti iliyoishi pwani ina chumvi ndani ya kipozeo na koo la ekzosi, na maji baridi ya ziwa hayaponyi kilichokwisha kuliwa. Vipande vya zinki vinavyofungwa chini ya bodi kuzuia kutu ya umeme navyo havifanyi kazi vizuri katika maji baridi. Yanahitajika madini ya magnesi. Maji baridi ni mepesi pia, kwa hiyo boti ileile inazama kidogo zaidi hapa kuliko baharini, na nafasi kati ya sitaha na maji inapungua kwa mzigo uleule.

Yanayozidi injini

Ajali kubwa za nchi hii zinaonyesha kwamba mjadala wa injini usimeze mengine. MV Skagit iliundwa Marekani mwaka 1989 kwa abiria wa maji yaliyokingwa karibu na Seattle, ikaja kufanya kazi bahari ya wazi kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, na tarehe 18 Julai 2012 ikazama katika upepo mkali. MV Nyerere ilizama karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imejaa abiria kupita uwezo wake, muda mfupi baada ya injini zake kufanyiwa matengenezo. Boti ya starehe ya mita 11 iliundwa kubeba watu wachache na masanduku yao. Ukiipakia magunia juu ya sitaha, uzito unapanda, na hakuna injini itakayoizuia kupinduka.

Kwa sababu hiyo ukaguzi na usajili wa TASAC, shirika linalosimamia usafiri wa majini, usichukuliwe kama usumbufu wa kumaliza mwishoni. Mnunuzi amwite mkaguzi kabla ya kulipa, aeleze kazi anayokusudia, na apate jibu la idadi ya watu na uzito unaoruhusiwa. Boti nyingi hufeli hapo kibiashara, hata zikiwa nzima kabisa. Inayotoka Zambia, Burundi au Kongo lazima iwe na uthibitisho kwamba imefutwa katika usajili wa kule, na ushuru wake ujulikane TRA kabla haijavuka.

Kuna pia suala la kukaa bila kazi. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Boti inayotegemea samaki inaweza kufungwa miezi mitatu, na dizeli huharibika kwa kulala kuliko kwa kufanya kazi. Matangi yakiachwa nusu, unyevu wa hewa unageuka maji ndani yake. Yajazwe hadi juu, na injini ziwashwe na kupewa mzigo kila baada ya muda.

Uamuzi

Kwa mwenye mzigo mwepesi na mtaji mdogo, boti kuukuu ya dizeli mbili haifai, hata ikitolewa kwa bei ya kutupa. Achukue boti nyepesi na injini mbili za nje, kila moja na tangi lake.

Kwa mwenye mzigo wa tani na kazi ya mwaka mzima, chombo cha mbao au chuma kilichoundwa kwa mizigo, chenye dizeli moja inayotunzwa vizuri na injini ndogo ya nje ya dharura, kina hesabu bora kuliko boti ya starehe iliyogeuzwa ya mizigo. Injini ndogo ya petroli haishiriki chochote na dizeli: mafuta yake ni tofauti, inawashwa kwa kamba, na propela yake iko peke yake. Kwa kigezo cha utengano inazishinda dizeli mbili zinazonyonya tangi moja.

Boti kuukuu ya injini mbili inabaki na mahali pake: wageni wa Kipili, safari za watafiti, usafiri wa wagonjwa, kazi zinazohitaji mwendo na uhakika bila uzito mkubwa. Hapo inastahili kununuliwa kwa masharti manne. Mihimili ya injini iwe mizima. Injini ziwe za ukoo ambao fundi wa Sumbawanga anaufahamu. Propela zipangwe upya kwa mwinuko wa ziwa. Na kabla ya safari ya kwanza ya kulipwa, mafuta, filta na betri za pande mbili zitenganishwe kabisa. Fedha ya kazi hiyo itengwe kabla ya kupatana bei. Asiyekuwa nayo bado hajafikia uwezo wa kuinunua boti hiyo.

Kubadili injini zote mbili kuwa mpya ni uamuzi wa mwisho, na una maana pale tu bodi imekaguliwa nchi kavu na kuonekana nzima. Kwa hiyo usitoe hata malipo ya awali kabla boti haijavutwa kutoka majini ukaiona chini yake kwa macho yako, ukiwa na fundi uliyemlipa wewe mwenyewe.